Mwalimu Helmi Rautio: Miaka Thelathini na Mitatu Nyakisara

Alhamisi, tarehe 30 Juni 1994, Mwalimu Helmi Rautio anastaafu baada ya kufundisha katika Shule ya Msingi Nyakisara kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Alifika akiwa na umri wa miaka ishirini na saba. Anaondoka akiwa na sitini, umri ambao chama cha misheni kilichomtuma kutoka Ufini kimeuweka kuwa mwisho wa utumishi. Ibada ya kumuaga itafanyika Jumamosi, tarehe 2 Julai, saa tatu asubuhi, na kijitabu hiki kimeandaliwa kwa ajili ya siku hiyo.

Kamati iliniomba niandike kurasa chache za furaha. Nimefundisha pamoja naye miaka ishirini na sita, minane kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu, kwa hiyo mambo ya kufurahisha ninayo. Lakini nilipompelekea Mwalimu Helmi orodha ya mambo niliyokusudia kuyaandika, aliisoma mpaka mwisho, kisha akaniuliza Veronika yuko wapi. Nikamweleza kwamba kamati imeona jambo lile si la siku ya sherehe. Akasema kama Veronika hatakuwamo kitabuni, basi na yeye hatakuwamo kanisani. Wanaomfahamu wanajua kwamba hatanii katika mambo ya namna hiyo. Kwa hiyo nitaandika yote mawili, na msomaji anivumilie, maana yako mambo itabidi niyaeleze polepole.

Mwalimu Helmi alizaliwa Januari 1934 kaskazini mwa Ufini, nchi ambayo wakati wa baridi jua halionekani kwa wiki kadhaa, na ziwa huganda hadi magari yakapita juu yake. Wanafunzi wa darasa la tatu walipoelezwa habari hiyo hawakuikubali. Mmoja alisimama akasema, kwa adabu zote, "Shikamoo Mwalimu, lakini hapo umetudanganya." Baba yake alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, na yeye alijua kukamua kabla hajajua kusoma. Alisomea ualimu, akaitika wito wa misheni, akapanda meli hadi Mombasa, treni hadi Kisumu, boti hadi Musoma, kisha lori lililobeba saruji na mabati hadi kwetu. Mabati hayo ndiyo yaliyoezeka darasa la kwanza, ambalo bado halivuji.

Wiki ya tatu tangu afike, ng'ombe wa mzee mmoja jirani na shule alishindwa kuzaa. Wanaume walikuwa wamehangaika naye siku mbili. Mwalimu Helmi alifika pale kwa bahati tu, akitafuta maziwa ya kununua. Hakuwa na neno lolote la kumwambia mtu, kwa sababu lugha bado hakuijua. Alivua saa yake, akaupaka mkono sabuni mpaka begani, akalala kifudifudi kwenye samadi. Baada ya nusu saa ndama jike alikuwa amesimama. Mzee yule alimpa ndama huyo palepale. Alipokataa, walimweleza kwa ishara kwamba zawadi kama hiyo haikataliwi. Ndama akabaki katika zizi lilelile kwa jina la Mwalimu, akazaa, na watoto wake wakazaa. Tangu hapo wazee walimwita Mwalimu wa Ng'ombe, na kwa watu wetu hilo si jina dogo.

Alijifunza Kikurya kabla ya Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba hadi leo anazungumza Kiswahili kwa lafudhi ya mtu wa Tarime, na wageni kutoka Dodoma huwa wanamtazama mara mbili.

Mwaka 1970 shule za misheni zilipochukuliwa na serikali, wenzake watatu walirudi kwao. Yeye aliandika barua akaomba abaki kama mwalimu wa kawaida, chini ya mwalimu mkuu mwenyeji. Alikubaliwa. Mwaka 1978 aliwashawishi wazazi wafyatue matofali, akawaandikia watu wa kwao waombe mabati, na bweni la wasichana lenye vitanda ishirini na vinne likafunguliwa. Katika miaka ile ya uhaba, sabuni na sukari zilipokuwa hadithi, na chaki pia hazikupatikana, tuliandika ubaoni kwa vipande vya muhogo mkavu. Mbuzi waliingia usiku wakalamba ubao wote. Mwalimu Felistas Awino, mlezi wa bweni, ambaye kwao ni kandokando ya ziwa na hajui kunyamaza, alisema kwamba shule yetu ndiyo ya pekee nchini ambayo mbuzi wamemaliza darasa la saba.

Sasa nieleze kazi yake ya Jumamosi, maana bila kuielewa hiyo msomaji hatamwelewa Mwalimu Helmi. Mtoto akikosa shule wiki nzima, Jumamosi Mwalimu alikwenda kwao kwa miguu. Hakwenda kugomba. Alifika, akasalimia, akakaa chini, akashika kazi yoyote aliyoikuta pale. Kama wanapukuchua mahindi, alipukuchua. Kama wanakandika ukuta, alikandika. Habari ya shule hakuitaja hata kidogo mpaka mwenye nyumba aitaje mwenyewe, hata ikichukua mpaka jua kuzama, na kama haikutajwa alirudi Jumamosi inayofuata. Akina baba walitaniana kwamba mwenye kazi nyingi shambani amfiche mtoto wake, apate kibarua cha bure. Lakini wengi walishindwa. Mtu mzima amekaa uani kwako siku nzima, ametoka malengelenge kwa ajili ya mahindi yako, na hakuombi kitu; mwisho utamwuliza mwenyewe. Kwa njia hiyo alirudisha shuleni watoto ambao sisi wenyeji tulikuwa tumeshawakatia tamaa. Wawili kati yao ni wasichana waliofika sekondari. Mmoja ni muuguzi Mugumu, mwingine ni mwalimu Musoma, na wote wamesema watafika Jumamosi.

Hayo ndiyo niliyotaka kuishia nayo.

Dhahabu ilikuwa inajulikana upande wa Tarime tangu zamani, lakini ni kuanzia mwaka 1988 hivi watu walipoanza kumiminika. Walitoka Mwanza, Shinyanga, hata Kenya kwa kupitia Sirari. Mwanzoni waliondoka vijana waliokwisha kumaliza shule. Kisha waliondoka ambao hawajamaliza. Mvulana wa darasa la sita, kwa kuwa ni mwembamba, alitafutwa sana na wenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, maana aliweza kupenya shimoni mahali ambapo mtu mzima hapiti. Wasichana walikwenda kuponda mawe kwa nyundo na kuuza maandazi. Walimu wawili nao waliacha chaki wakaenda. Mmoja alikuwa msaidizi wangu, na aliaga kwa barua ya mistari mitatu. Mwaka 1986 tulikuwa na wanafunzi mia nne na kumi na wawili. Mwaka 1991 walikuwa mia moja sitini na wanane.

Mwalimu Helmi aliendelea na Jumamosi zake. Lakini kazi ile inahitaji kuwe na mtu nyumbani. Alifika akakuta mlango umefungwa kwa waya, familia nzima imehamia machimboni. Mara moja nilipita kwa baiskeli nikamkuta amekaa peke yake kwenye ua wa watu, anapukuchua mahindi machache yaliyosahaulika pale. Nilimwuliza anamsubiri nani. Akasema hajui, ila hajazoea kuondoka kabla ya jioni.

Veronika Mwikwabe alikuwa darasa la saba mwaka huo wa 1991, mwenye umri wa miaka kumi na mitano. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na nasema bila kusita kwamba sijapata mwanafunzi kama yeye, mvulana wala msichana. Alikuwa akipata jibu halafu anakaa kimya, akiwangoja wenzake, ili asiwaaibishe. Mtihani ulikuwa mwezi wa tisa. Hatukuwa na shaka kwamba angechaguliwa, na katika shule iliyokuwa ikifa mbele ya macho yetu, mtoto yule ndiye aliyetufanya tuamke asubuhi.

Baba yake, Mwikwabe, ni mtoto wa yule mzee aliyetoa ndama. Sina nia ya kumchafua. Mwaka 1990 wezi wa mifugo walichukua ng'ombe wake wote usiku mmoja, wasiguse zizi la baba yake, na alikuwa na vijana watatu waliofikia kuoa. Mwenye duara mmoja kutoka ng'ambo ya Mto Mara alikuwa ametuma watu kumposa Veronika kwa ng'ombe ishirini. Tulikwenda kushtaki kwa kiongozi mmoja, ambaye simtaji. Alitusikiliza, akatuagizia soda, akasema mlalamikaji ni lazima awe msichana mwenyewe, dhidi ya baba yake. Tukanywa soda, tukarudi.

Jumatano, tarehe 10 Julai 1991, Bibi Waisiko, mama yake Mwikwabe, alikuja shuleni. Aliingia darasani, akakaa kwenye dawati la nyuma pamoja na watoto, akangoja kipindi kiishe. Watoto walipotoka alizungumza, na Mwalimu Felistas alikuwapo, kwa hiyo maneno yake tunayo kama alivyoyasema.

"Mwalimu, wewe umezeeka huna mtoto. Mjukuu wangu anataka kuchukuliwa na mtu wa mashimo. Ng'ombe unao, wako kwetu, sisi ndio tunawachunga. Mwoe wewe."

Naomba nieleze kwa ajili ya wageni wanaotoka mbali. Huku kwetu, kwa Wakurya na kwa jirani zetu, mwanamke aliyefikia utu uzima bila mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana. Desturi hiyo huitwa nyumba ntobhu. Hakuna jambo la chumbani kati ya wanawake hao, kama wengine wanavyodhani wakisikia kwa mara ya kwanza. Msichana anakuja kuwa wa nyumba ile. Watoto atakaowazaa wataitwa kwa jina la mama aliyetoa ng'ombe. Watamtunza, na akifa watamzika uani kwake. Na mahari ikishapokelewa, hakuna mwanamume anayeweza kuja kumposa tena. Desturi hii ina mabaya yake. Nimeona wasichana walioteswa ndani yake, na sisemi ni nzuri. Nasema kwamba ipo, ina nguvu, na Bibi Waisiko, ambaye hakusoma hata siku moja, aliitazama akaona ndani yake mlango ambao sisi wasomi hatukuuona.

Mwalimu Felistas alisema basi yeye atakuwa shangazi wa bwana harusi, na kitenge chake kishonwe mapema. Bibi Waisiko alicheka. Mwalimu Helmi hakucheka. Aliuliza kama Mwikwabe atakubali ng'ombe kumi na mmoja, ndio aliokuwa nao, ilhali yule mwenye duara anatoa ishirini. Bibi akasema ameshamwuliza. Mwikwabe amesema kwa Mwalimu kumi na mmoja wanatosha, kwa kuwa ni wa zizi la baba yake na kila mtu anawajua walikotoka. Ila ajibiwe kabla mwezi haujaisha. Mwalimu akauliza habari ya watoto, maana hakutaka kumtoa msichana kwenye duara akamtia kwenye uzazi.

"Atalala kwako, atasoma mpaka vitabu viishe," Bibi alisema. "Kuzaa ni kwake yeye, akitaka, baadaye. Nyumba haina haraka."

Veronika mwenyewe aliulizwa jioni ile bwenini. Aliuliza kama nyumbani kwa Mwalimu taa ya mafuta inaruhusiwa mpaka saa ngapi.

Mwalimu Helmi angeweza kuwatoa ng'ombe wale kesho yake. Lakini alikuwa mtumishi wa kanisa, na hajapata kufanya jambo kubwa bila baraza la wazee. Tulikutana Jumapili, tarehe 21 Julai, baada ya ibada. Tulikuwa wanane, nami nilikuwa katibu. Alieleza kila kitu kwa utulivu, akasema hataki mke wala watoto, anataka mtoto mmoja asichukuliwe.

Sasa niwaeleze lililotokea, bila kulipamba. Katika kitabu cha kumbukumbu za baraza kuna uamuzi wa mwaka 1966. Unasema kwamba mwanamke yeyote atakayeoa kwa desturi ya nyumba ntobhu atatengwa na Meza ya Bwana mpaka atakapomrudisha msichana kwao. Kwa uamuzi huo akina mama wawili wa usharika wetu walikuwa wamekaa nje kwa miaka ishirini na mitano. Mmoja alikuwa amekwisha kufa, na tulimzika bila kengele. Wa pili, Mama Agustina, alikuwa akija kila Jumapili na kusikiliza neno akiwa amesimama dirishani. Mwenyekiti aliniagiza nisome uamuzi huo kwa sauti. Nilisoma. Kisha akamwuliza Mwalimu mwandiko ule ni wa nani.

"Ni wangu," alisema.

Mwaka 1966 yeye ndiye aliyekuwa katibu. Alikuwa kijana, amesomeshwa kwamba mambo yetu yote ya zamani ni giza, na sisi tuliomzunguka, tulioyajua mambo hayo vizuri kuliko yeye, tuliitikia. Hata aya ile alikuwa ameipendekeza mwenyewe.

Mwenyekiti akasema, si kwa ubaya, kwamba hatuwezi kumfungulia Mzungu mlango ambao tumemfungia Agustina. Mwalimu Helmi akajibu kwamba ni kweli, basi ufunguliwe kwa wote wawili, uamuzi ufutwe leo. Tukamwambia baraza la usharika halina uwezo huo. Jambo la mafundisho linapelekwa sinodi, na sinodi ingekutana mwaka ujao. Akaomba tupige kura hata hivyo. Tulipiga. Sita tulikataa, na mkono wangu ulikuwa miongoni mwa hiyo sita. Nilikuwa na sababu zangu, na siku ile zilionekana nzuri sana. Nilisema mbele ya wote kwamba kanisa likiyumba kwa ajili ya mtoto mmoja, litayumba kwa kila mtoto.

Wengi wameuliza kwa nini hakutoa ng'ombe wake tu. Nami nilimwuliza, miezi mingi baadaye. Alisema, "Nilitii. Na aliyelipia utii wangu ni mtoto wa mtu mwingine."

Alikwenda mwenyewe kumpelekea Bibi Waisiko jibu. Alianza kumweleza habari ya baraza na sinodi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi sikuja kwa baraza. Nilikuja kwako." Akaingia ndani.

Veronika alichukuliwa tarehe 17 Agosti, wiki tatu kabla ya mtihani. Siku ya mtihani namba yake ilikuwa imebandikwa kwenye dawati la pili kutoka mlangoni. Msimamizi aliyetoka wilayani aliuliza mwenye namba hii yuko wapi, na Mwalimu Helmi ndiye aliyeandika kwenye fomu: hakufika.

Jumamosi iliyofuata alikwenda machimboni. Ni saa tatu kwa miguu hadi Mto Mara, kisha mtumbwi, kisha saa moja nyingine, naye alikuwa na miaka hamsini na saba. Alimkuta Veronika chini ya turubai, na wanawake wengine, wakiponda mawe. Alimsalimia, akakaa chini, akaomba nyundo. Hakutaja shule. Aliponda mpaka saa nane, akaondoka ili awahi mtumbwi. Jumamosi ya pili alifanya vivyo hivyo. Wanawake wa pale walimzoea, wakampa kipande cha gunia cha kukalia, wakamtania kwamba Mzungu huyu amekosea njia, wenzake hutafuta dhahabu kwa mashine. Mwenye duara naye hakumfukuza. Mawe yalikuwa yanapondwa bure.

Zilikuwa Jumamosi kumi na tisa. Jumamosi ya saba alibeba daftari na penseli, akaviweka chini kando yake. Veronika akavitazama, akasema, "Mwalimu, usiniletee daftari hapa. Vumbi litalila." Jumamosi ya kumi na moja tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Veronika aliigusa habari ya ombi la bibi yake mara moja tu, katika Jumamosi ya mwisho, bila kuinua macho kwenye jiwe lake.

"Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu kuja kwako."

Mwalimu ananiambia aliendelea kuponda.

Jumamosi ya ishirini alikuta turubai hazipo. Kulikuwa na mashimo, majivu na mbwa mmoja. Dhahabu ilikuwa imesikika mahali pengine, na kambi yote iliondoka katikati ya wiki. Wengine walisema Geita, wengine Kahama, wengine ng'ambo ya mpaka. Mwalimu aliandika barua kwa makanisa ya kote huko. Mwalimu Felistas alimtuma kaka yake, Oyoo, anayefanya biashara Migori, upande wa Kenya, akaulize kila mahali panapochimbwa. Mpaka ninapoandika hakuna aliyemwona. Hatujui kama yu hai, hatujui kama alijifungua salama. Ng'ombe ishirini wa Mwikwabe waliibiwa Machi 1992, kabla kijana wake hata mmoja hajaoa.

Sinodi ilifuta uamuzi ule mwaka jana. Ilichukua barua kumi na nne za Mwalimu Helmi na mikutano miwili, na ilichukua dakika kumi tu kuupigia kura, hakuna aliyepinga. Mama Agustina aliambiwa kwamba sasa anaweza kuingia. Alishukuru, akasema amezoea dirishani, kuna upepo.

Bweni lilifungwa Januari 1993 na vitanda vyake vikapelekwa zahanati. Shule ina wanafunzi mia moja thelathini na mmoja. Misheni imetuandikia kwamba haitatuma mwalimu mwingine. Ng'ombe wa Mwalimu sasa ni kumi na watano, na amewaacha walipo, kwa Bibi Waisiko.

Mwezi uliopita alikwenda kumuaga Bibi huyo. Ilikuwa mara ya kwanza kukutana uso kwa uso tangu siku ile ya jibu. Alikuta wanapukuchua mahindi, akakaa. Walipukuchua muda mrefu. Kisha Bibi Waisiko akamwuliza huko anakokwenda anakwenda kwa nani. Mwalimu akamweleza kwamba wazazi walishakufa, kaka yake naye amekufa, shamba limeuzwa, na misheni imempatia chumba katika jengo la wastaafu, mjini. Bibi akauliza nani atamzika. Mwalimu akasema kuna ofisi inayoshughulikia mambo hayo.

Bibi Waisiko aliacha kupukuchua. "Basi tulikosa wote," alisema.

Nimelifikiri neno hilo kila siku tangu niliposimuliwa. Tarehe 21 Julai 1991 sisi wanane tulidhani tunaamua habari ya mtoto mmoja na usafi wa kanisa. Mwanamke ambaye hakusoma alikuwa ameweka mbele yetu mambo mawili kwa pamoja: shule kwa Veronika, na nyumba kwa Mwalimu. Kama tungekubali, leo Veronika angekuwa sekondari, akirudi likizo katika nyumba iliyo dakika kumi kutoka hapa kanisani. Na Jumamosi hii tusingekuwa tunamsindikiza mtu kwenye gari la Musoma. Angestaafu, angefunga darasa, angetembea kwenda kwake.

Mwalimu Helmi, kwa niaba ya walimu, wanafunzi wa zamani na usharika wote wa Nyakisara, tunakushukuru kwa kila darasa, kwa kila hindi ulilopukuchua katika nyua zetu, na kwa kutulazimisha tuandike haya. Tunakuombea safari njema, afya, na baridi isiyo kali. Veronika akionekana, yeyote kati yetu atakayekuwa hai atakuandikia siku hiyohiyo. Nyumba hatuwezi kukutakia. Tuliletewa ya kukupa, tukainua mikono kuikataa.